Mnyororo haukukatika: kripto na blokucheni baada ya mwaka 2022

Tuanze na hesabu ndogo. Aliyenunua Bitcoin ya shilingi milioni moja Novemba 2021, siku ambazo sarafu moja ilikuwa inagonga dola 69,000, alifunga mwaka 2022 akiwa na kama laki mbili na arobaini. Na huyo bado ana bahati. Aliyeweka milioni yake kwenye sarafu iitwayo LUNA mwezi Aprili 2022 hakubakiwa hata na nauli ya daladala. Na aliyekuwa amehifadhi sarafu zake FTX, moja ya masoko makubwa kabisa ya kripto duniani, alibaki na skrinishoti ya salio lake na foleni ya wadai katika mahakama ya Delaware, Marekani.

Kwa jumla, sarafu za kidijitali zilizokuwa na thamani inayokaribia dola trilioni 3 mwishoni mwa 2021 zilikuwa chini ya trilioni moja mwaka mmoja baadaye. Wiki za mwanzo wa 2023 bei zilipanda tena, Bitcoin ikafika dola 23,000 hivi, na yale magrupu ya WhatsApp yaliyokuwa kimya yakaanza kuamka: "Sasa ndiyo muda wa kuingia!" Bumu likitoka, kuna watu wataingia kweli. Kabla hujaingia, au kabla hujamcheka aliyeingia, hebu tuifungue hii mashine tuone ndani kuna nini na ni kipi hasa kilichoharibika.

Kikoba cha watu wasiojuana

Kama umewahi kuhudhuria kikao cha kikoba, nusu ya blokucheni unaijua tayari. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zake zinashikwa na wanachama watatu tofauti. Kabla ya kufunga kikao, kiasi kilichomo kinasomwa kwa sauti na kila mtu anaondoka nacho kichwani. Wiki ijayo katibu akija na namba nyingine, watu ishirini na tano watamwambia hapohapo: hapana dada, tuliacha laki nne na sitini. Daftari linashikwa na mmoja, lakini kumbukumbu ni ya wote.

Sasa kifanye kikoba hicho kiwe na mamilioni ya watu, wasiojuana, wasiokutana, na wengine kati yao ni wezi wa kitaalamu. Nani atashika daftari? Kwa miaka mingi wataalamu wa kompyuta walikwama hapo. Tarehe 31 Oktoba 2008 mtu, au kundi la watu, kwa jina la Satoshi Nakamoto alisambaza andiko la kurasa tisa lenye jibu: kila anayetaka ashike nakala ya daftari zima, na tuweke kanuni ya kuamua nani anaandika ukurasa unaofuata. Ukurasa wa kwanza wa Bitcoin uliandikwa tarehe 3 Januari 2009. Kila ukurasa ni bloku, yaani kifurushi cha miamala, na bloku zote zimefungwa pamoja kama mnyororo. Ndiyo jina lenyewe: blokucheni.

Kinachozifunga ni kitu kinachoitwa heshi. Ichukulie kama alama ya kidole ya data. Unaipa programu maneno yoyote, yawe herufi tano au kitabu kizima, nayo inakurudishia mfuatano wenye herufi na tarakimu 64. Unaweza kujaribu mwenyewe, tovuti za kukokotoa heshi ya SHA-256 ziko nyingi na ni za bure. Andika neno hello kwa herufi ndogo: jibu linaanza na 2cf24dba. Sasa badilisha herufi ya kwanza tu iwe kubwa, Hello: jibu linaanza na 185f8db3, na hizo tarakimu nyingine zote zimevurugika pia. Ukiwa na heshi tu, huwezi kurudi nyuma ukajua ilitokana na nini.

Kila bloku hubeba ndani yake heshi ya bloku iliyotangulia. Mtu akirudi kwenye muamala wa mwaka juzi na kubadilisha sifuri moja, heshi ya bloku ile inabadilika, kwa hiyo bloku inayofuata nayo haikubaliani nayo, na inayofuata hiyo, mpaka ya leo asubuhi. Maelfu ya kompyuta zenye nakala sahihi zitaona uongo huo mara moja. Ni wale wanachama ishirini na tano, isipokuwa hawa hawasahau.

Bado kuna swali la nani anaandika. Kwenye Bitcoin wanashindana. Wachimbaji, ambao kwa kweli hawachimbi kitu, wanaongeza namba fulani kwenye bloku, wanakokotoa heshi, wanaangalia kama inaanza na idadi ya sifuri inayotakiwa. Haijaanza? Badilisha namba, rudia. Hakuna ujanja, ni kubahatisha mabilioni ya mabilioni ya mara. Anayepata wa kwanza anaandika ukurasa na kulipwa sarafu mpya, ambazo mwanzoni mwa 2023 zilikuwa 6.25 kwa bloku. Ugumu wa mtihani unarekebishwa kila baada ya bloku 2,016 ili mshindi apatikane kila dakika kumi hivi, wachimbaji wawe wengi au wachache. Malipo hayo hukatwa nusu kila baada ya miaka kama minne, na mara nyingine ilikuwa mwaka 2024, mpaka jumla ya sarafu ifike milioni 21, basi.

Gharama ya bahati nasibu hii ni umeme. Mwanzoni mwa 2023 Chuo Kikuu cha Cambridge kilikadiria kwamba Bitcoin ilikuwa inakula takriban terawati-saa 100 kwa mwaka, ambayo ilikuwa kama mara kumi ya umeme wote uliokuwa unazalishwa Tanzania. Lakini mambo si rahisi kama inavyodhaniwa: Hifadhi ya Taifa ya Virunga, mashariki mwa Kongo, ilianza mwaka 2020 kuchimba Bitcoin kwa umeme wa maji kwenye mtambo wake wa Luviro, umeme ambao ulikuwa haujapata wateja. Watalii walipopotea kwa sababu ya korona na vita, mashine zile ziliendelea kuiingizia hifadhi fedha. Unaweza kuliona hilo ni ubunifu au ni kichekesho. Mimi naona ni vyote viwili.

Basi nini kilianguka?

Hapa ndipo watu wengi wanachanganya. Wiki ile ya Novemba 2022 FTX ilipozama, bloku za Bitcoin ziliendelea kutoka kila dakika kumi kama kawaida. Hakuna aliyevunja heshi, hakuna aliyefuta muamala wa zamani. Daftari lilifanya kazi yake. Kilichovunjika ni vitu vilivyojengwa juu ya daftari na pembeni yake, na vyote vina tabia moja: mahali fulani ndani yake alikaa mtu anayepaswa kuaminiwa, huku wateja wakiambiwa kwamba teknolojia hii haihitaji kumwamini mtu.

Mfano wa kwanza, Terra, unastahili kueleweka vizuri kwa sababu ulianguka kwa hesabu, hata kabla hujauliza nani alikosea nini. Kampuni iliyoanzishwa na Do Kwon wa Korea Kusini ilikuwa na sarafu mbili. Moja, UST, iliahidiwa kuwa sawa na dola 1 siku zote. Haikuwa na dola benki kuilinda. Ililindwa hasa na kanuni: muda wowote unaweza kubadilisha UST 1 ukapata LUNA za thamani ya dola 1, au kinyume chake. UST ikishuka hadi senti 98, wajanja watainunua, wataibadilisha kuwa LUNA za dola 1, watauza na kupata faida ya senti mbili. UST zinapungua sokoni, bei inarudi. Nzuri, si ndiyo?

Sasa angalia upande wa pili. Hizo LUNA zinazotolewa ni mpya, zinachapishwa pale pale. Watu wachache wakitoka, hakuna shida. Wakitoka wengi kwa pamoja, LUNA mpya zinamwagika sokoni, bei yake inashuka, kwa hiyo ili kulipa dola 1 inayofuata inabidi zichapishwe LUNA nyingi zaidi, ambazo zinashusha bei zaidi, ambayo inawatisha watu zaidi. Mei 2022 duara hilo lilizunguka kwa siku chache tu. LUNA zilizokuwapo zilipanda kutoka mamilioni mia chache hadi zaidi ya trilioni 6, na bei ikatoka makumi ya dola hadi sehemu ndogo sana ya senti. Takriban dola bilioni 40 ziliyeyuka. Kompyuta zilitekeleza kanuni bila kosa hata moja. Kanuni yenyewe ndiyo iliyokuwa inasema kwamba kitu kinaweza kujiwekea dhamana chenyewe.

Na kwa nini watu walikuwa wameweka humo? Kwa sababu mpango ulioitwa Anchor ulilipa riba inayokaribia asilimia 20 kwa mwaka kwa aliyeweka UST. Benki gani inakupa asilimia 20 kwenye akiba ya dola? Waliokopa kupitia Anchor hawakulipa kiasi cha kutosha kugharamia riba hiyo, kwa hiyo ilikuwa inajaziliziwa kutoka kwenye mfuko wa akiba. Wanaokumbuka DECI ya mwaka 2009, ile ya "kupanda mbegu", watakuwa wameshaanza kutikisa kichwa. Mwanzoni mwa 2023 Do Kwon alikuwa anatafutwa na mahakama za Korea Kusini.

Baada ya hapo ni mfululizo wa dhumna kudondoka, sitakuchosha nao. Mfuko wa Three Arrows Capital ulikuwa umekopa kila mahali na haukuweza kulipa. Celsius, iliyowaahidi wateja riba nono, ilifunga utoaji wa fedha tarehe 12 Juni na kufilisika mwezi uliofuata. Voyager nayo ikaanguka. Wote walikopeshana wao kwa wao.

FTX ni habari nyingine, na ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu ndani yake karibu hakuna teknolojia kabisa. Ukinunua Bitcoin kwenye soko kama FTX, muamala wako kwa kawaida hauandikwi kwenye blokucheni. Kampuni inaandika tu kwenye seva yake kwamba wewe una nusu sarafu. Sarafu yenyewe, kama ipo, iko kwenye pochi ya kampuni. Yaani ni daftari la katibu peke yake, hakuna anayesoma kwa sauti.

Mwanzilishi wake, Sam Bankman-Fried, alikuwa pia mmiliki wa kampuni ya biashara ya Alameda Research. Tarehe 2 Novemba 2022 gazeti la mtandaoni la CoinDesk lilichapisha habari kuhusu mizania ya Alameda: sehemu kubwa ya mali zake ilikuwa FTT, yaani tokeni iliyobuniwa na FTX yenyewe. Fikiria mwenye duka la jumla anachapisha vikuponi vyake, ndugu yake anavihesabu kama utajiri, kisha anakwenda navyo kukopa. Vikuponi vina thamani mradi tu hakuna anayejaribu kuviuza kwa wingi. Siku nne baadaye mkuu wa Binance, Changpeng Zhao, akatangaza kwamba atauza FTT zake. Wateja wakakimbilia mlangoni. Tarehe 11 Novemba FTX ikaomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi, huku pengo likitajwa kuwa karibu dola bilioni 8.

Waendesha mashtaka wa Marekani walisema fedha za wateja zilipelekwa Alameda. Bankman-Fried alikana mashtaka Januari 2023 na kesi ikapangwa Oktoba; washirika wake wawili wa karibu walikuwa wamekiri makosa Desemba 2022. Aliyekabidhiwa mabaki ya kampuni ni John Ray, mtu yuleyule aliyesimamia mabaki ya Enron, na aliiambia mahakama kwamba hajawahi kuona udhibiti mbovu kiasi hiki. Kampuni iliyoshika mabilioni ya dola ilikuwa inatunza hesabu kwa QuickBooks. Wadai 50 wakubwa peke yao walikuwa wanadai zaidi ya dola bilioni 3.

Kuna na tukio la tatu, ambalo lingepaswa kufundishwa darasani. Mchezo wa Axie Infinity ulikuwa na mnyororo wake, Ronin, uliounganishwa na Ethereum kwa "daraja" la kuhamishia fedha. Sanduku la daraja lilikuwa na funguo tisa, na tano zilitosha kulifungua. Machi 2022 wezi walipata tano. Wakachukua zaidi ya dola milioni 600, na FBI baadaye ikasema ni kundi la Lazarus la Korea Kaskazini. Wenye mchezo waligundua siku sita baadaye, pale mteja mmoja alipojaribu kutoa fedha akakuta hazipo. Kikoba chochote kingewauliza: kufuli tisa, mbona funguo nyingi mmemwachia mtu mmoja? Maana nne kati ya zile tano zilikuwa za kampuni moja.

Shilingi yako ya kwenye simu iko wapi?

Linganisha na kitu unachokitumia kila siku. Salio lako la M-Pesa au Airtel Money nalo ni namba tu kwenye seva ya kampuni. Hakuna blokucheni pale. Lakini sheria ya Tanzania ya mifumo ya malipo ya mwaka 2015 na kanuni zake zinataka kwamba kwa kila shilingi iliyopo kwenye simu za wateja kuwe na shilingi kwenye akaunti ya udhamini benki, iliyotengwa na fedha za kampuni. Kenya nako fedha za wateja wa M-Pesa zinashikwa na mdhamini, mbali na fedha za Safaricom. Kampuni ya simu ikifilisika kesho, wadai wake hawana haki ya kugusa fedha hizo. Ni kanuni ya kuchosha kweli, haina fumbo la kihisabati, na ndiyo ambayo wateja wa FTX walidhani wanayo.

Mashabiki wa kripto wana jibu: shika ufunguo wako mwenyewe. Ni jibu la haki. Sarafu kwenye blokucheni inamilikiwa na yeyote mwenye ufunguo wa siri, ambao kwa kawaida unahifadhiwa kama maneno 12 au 24 ya kuandika kwenye karatasi. Ukiwa nao, hakuna kampuni inayoweza kukufungia. Lakini karatasi ikilowa mvua, ikiliwa na mchwa, au mtu akiipiga picha ulipokwenda kuoga, hakuna namba ya huduma kwa wateja ya kupiga. Watu wengi, na mimi nikiwemo, wanapenda kuwe na mtu wa kumpigia. Kwa hiyo wanarudi kwa kampuni, na tunarudi kwenye swali la nani anaikagua kampuni.

Baada ya FTX, masoko mengine yalianza kuchapisha "uthibitisho wa akiba", njia ya kuonyesha kwa kutumia heshi kwamba sarafu za wateja zipo kweli. Ni hatua. Ila inaonyesha ulichonacho tu, haionyeshi unachodaiwa, na mtu mwenye milioni kumi mfukoni na deni la milioni ishirini anaweza kukuonyesha mfuko wake bila wasiwasi. Desemba kampuni ya ukaguzi ya Mazars iliyokuwa ikifanya kazi hiyo kwa masoko ya kripto iliisimamisha.

Nje ya fedha

"Sawa, sarafu achana nazo, lakini blokucheni yenyewe itabadilisha dunia." Sentensi hii umeisikia kwenye makongamano. Novemba 2022 ilikuwa mbaya kwake pia. Soko la hisa la Australia, ASX, lilikuwa limehangaika kwa miaka kubadilisha mfumo wake wa malipo ya hisa uwe wa blokucheni. Likasitisha na kufuta takriban dola milioni 250 za Australia. Wiki mbili baadaye Maersk na IBM wakatangaza kuifunga TradeLens, mfumo wa kufuatilia makontena ya meli uliozinduliwa 2018. Hiyo ya pili inafundisha zaidi. Ili mfumo ule ufae, washindani wote wa Maersk walitakiwa kuweka taarifa zao humo. Tatizo la kumshawishi mshindani halitatuliwi na heshi.

Hata matumizi yanayotajwa kama mafanikio yanahitaji jicho la pili. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza mwaka 2017 kutumia blokucheni kugawa misaada kwa wakimbizi wa Syria walioko Jordan: mkimbizi aliangalia kamera, mboni ya jicho lake ikatambuliwa, dukani akachukua bidhaa bila kadi wala benki. Imepunguza makato ya benki, na hilo ni jema. Lakini kama mwenye mfumo ni mmoja, hifadhidata ya kawaida ingefanya vilevile.

Na kuna ndoto ya ardhi. Kila mtu Dar anamjua mtu aliyeuziwa kiwanja ambacho kilishauzwa. Blokucheni itatukomboa? Itazuia rekodi kubadilishwa kimyakimya baada ya kuingizwa, kweli. Lakini anayeingiza rekodi ya kwanza ni ofisa, kwa vidole vyake. Akiandika jina la mtu asiye mwenye kiwanja, umepata uongo ambao haufutiki. Vivyo hivyo kwa madini ya tantalum ya Rwanda, ambayo mwaka 2018 yaliingia kwenye majaribio ya kufuatiliwa kwa blokucheni: gunia lina lebo, lebo ina namba, namba iko kwenye mnyororo, na kilichomo ndani ya gunia bado kinategemea aliyelifunga. Daftari haliwezi kutoka nje kwenda kuangalia.

Kwa hiyo swali tunalolitumia sisi tukisikia mradi mpya ni moja: kuna watu kadhaa hapa ambao hawaaminiani, wote wanahitaji kuandika, na hakuna wa kati wanayeweza kukubaliana naye? Kama jibu ni ndiyo, endelea kusikiliza. Mara nyingi jibu ni hapana, na kinachohitajika ni mkaguzi wa hesabu anayelala vizuri usiku.

Kilichobaki mezani

Usidhani natangaza msiba. Mwaka huohuo mbaya ulikuwa na tukio moja la kihandisi la kupigiwa makofi, ambalo lilipita bila kelele kwa sababu lilifanikiwa. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum, mnyororo wa pili kwa ukubwa, uliacha uchimbaji bila kusimama hata kidogo, kama kubadilisha injini ya basi likiwa barabarani kati ya Chalinze na Morogoro. Sasa badala ya kuchoma umeme, anayetaka kuandika bloku anaweka dhamana ya sarafu 32 za Ethereum. Anachaguliwa kwa bahati. Akiandika uongo, sehemu ya dhamana yake inachomwa. Matumizi ya umeme yalishuka kwa zaidi ya asilimia 99.9. Kuna hoja kwamba sasa mwenye nacho ndiye mwenye sauti, na ni hoja nzito, ila ile ya mazingira imekwisha kwa upande wa Ethereum.

Jingine la kufuatilia ni sarafu tulivu za aina nyingine, zile zinazosema zina dola halisi au hatifungani za serikali nyuma yake, kama USDT na USDC. Hapa kuna hitaji la kweli. Mwaka 2022 kutuma dola 200 kuja Afrika kusini mwa Sahara kuligharimu kwa wastani karibu asilimia 8, yaani dola 16 zilibaki njiani. Sarafu tulivu inavuka bahari kwa dakika chache. Halafu inafika, na mama yako Kahama hawezi kununulia unga. Inabidi igeuzwe shilingi, na anayegeuza anakata chake. Pia bado unamwamini mtu: Oktoba 2021 mamlaka ya Marekani ya CFTC iliitoza Tether, wenye USDT, faini ya dola milioni 41 kwa maelezo ya kupotosha kuhusu akiba yao.

Hilo linatuleta kwa wasimamizi, na hapa kwetu mpaka mwanzoni mwa 2023 mambo yalikuwa nusunusu. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo Novemba 2019 kwamba sarafu hizi si halali nchini. Juni 2021 Rais Samia akaitaka benki hiyo ianze kujiandaa nazo. Benki Kuu ya Kenya ilianza kuonya 2015, wakati UNCTAD ilikadiria mwaka 2022 kuwa asilimia 8.5 ya Wakenya walikuwa nazo. Maana yake kwa mtu wa kawaida ilikuwa kwamba ungeweza kununua, lakini ukitapeliwa hakukuwa na dirisha la kupeleka malalamiko. Na matapeli walilijua hilo kuliko wewe. Jambo moja la kuangalia kabla ya yote: ukiahidiwa faida isiyobadilika, asilimia 2 kwa siku au 20 kwa mwezi, uliza nani anailipa na kwa biashara gani. "Roboti inafanya biashara" si jibu. Terra nayo ilikuwa na kanuni nzuri, tena zimeandikwa wazi kila mtu asome.

Mwaka 2023 kulikuwa na jaribio moja la wazi. Watu walianza kuweka dhamana zao Ethereum Novemba 2020, na mpaka mwanzoni mwa 2023 hakuna aliyekuwa ameweza kuzitoa. Mlango wa kutokea ulikuwa haujajengwa bado. Zilikuwa zimefika kama sarafu milioni 16. Mlango huo ulifunguliwa mwaka huo wa 2023, kwa maboresho yaliyopewa jina la Shanghai. Hakukuwa na katibu wa kuwaomba wasubiri, wala hotuba ya kuwatuliza. Wangapi walitoka, daftari lenyewe ndilo linalotuonyesha, mmoja mmoja.